Sterio ya mzee: kilichoniongoza ni masikio yake

Baba yangu hasikilizi muziki huku akifanya jambo jingine. Anavuta kiti, anakaa, anasikiliza wimbo mpaka uishe, ndipo anaongea. Ukimsemesha katikati ya ubeti anainua kiganja usubiri. Kwa hiyo wazo la kumzawadia sterio lilipokuja, sisi wanawe hatukubishana kama anaihitaji. Tulibishana iwe ya namna gani. Kwa kuwa mimi ndiye mpenzi wa spika na waya katika familia, kazi ya kuchagua niliachiwa mimi, pamoja na fedha tuliyochanga, ambayo haikuwa nyingi.

Kaka alitaka homu thieta: spika tano, sabufa ya kutikisa madirisha, taa zinazobadilika rangi. Dada alitaka kispika cha Bluetooth cha kubebeka mkononi kwa sababu, alisema, "mzee hapendi mambo mengi". Dada alikuwa amemsoma baba vizuri. Ila spika ya namna hiyo inategemea simu, na simu ya baba ni ya kupiga na kupokea. Akitumiwa video anaifungua, basi. Kumfanya apitie kwenye simu kila anapotaka wimbo ni kumpa zawadi ambayo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia bidhaa yoyote nilijiuliza mzee anapiga nini. Asubuhi ni redio, habari na mazungumzo. Mchana ni kaseti, nyingi sana, zimepangwa kwenye maboksi ya viatu na kila moja ina mwandiko wake kwenye karatasi ya ndani. Ana CD chache za kuzawadiwa. Jioni ni redio tena. Hapo tayari nilijua kwamba mashine yake lazima iwe na redio ya FM, iwe na sehemu ya CD, na nyuma iwe na matundu mawili ya kuchomekea deki ya kaseti, lile jekundu na lile jeupe. Vitu vingi vinavyouzwa siku hizi vilianguka kwenye kipimo hicho cha kwanza tu.

Kipimo cha pili ndicho ninachotaka kukielezea kwa kirefu, kwa sababu watu wengi wanaonunulia wazazi wao vyombo vya muziki wanakiruka. Ni masikio.

Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti za kuanzia 20 Hz mpaka 20,000 Hz, yaani mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Umri ukienda, usikivu huanza kupungua kutokea juu. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kufifia, kwa sababu vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyozipokea huchakaa, na vikishachakaa havioti tena. Besi, zile sauti nene, hubaki. Sasa tazama maneno yanakaa wapi. Irabu kama a na o zina nguvu na ziko chini. Lakini s, f, sh na t ziko juu, kwenye maelfu ya Hz, na hazina nguvu kubwa, wakati hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Mtu akianza kuzikosa atakwambia: "Namsikia anaongea, ila simwelewi anasema nini." Baba huyasema maneno hayo mbele ya televisheni. Na ukimwongezea sauti anasema unampigia kelele. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Sikio lililozeeka halipati sauti ndogo, lakini sauti kubwa linaipata kwa ukubwa uleule wa zamani, kwa hiyo nafasi iliyoko kati ya "sisikii" na "punguza" inabanwa pande zote mbili.

Mtu wa namna hiyo ukimwekea sabufa nzito umemzidishia shida, kwani besi kubwa hufunika sauti zilizo juu yake. Muziki unanguruma, mwimbaji anazama. Anachohitaji ni spika zinazotoa sauti ya mtu kwa usafi, na vitufe viwili vinavyofikika kwa urahisi, kimoja cha besi na kimoja cha trebo, yaani sauti nyembamba, aweze kurekebisha mwenyewe.

Sikutaka kutegemea nadharia peke yake. Nilibeba spika zangu mbili ndogo na amplifaya, mashine ya kukuza sauti, nikaenda nazo kwake, nikaunganisha deki, nikamwambia achague kaseti anayoijua vizuri. Alichagua ya kwaya. Nilianza bila kugusa chochote, vitufe vikiwa katikati. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa adabu kama anayesifia chakula cha mgeni. Nikapunguza besi kidogo. Nikaongeza trebo, kidogo, kisha kidogo tena. Alikuwa ameegemea nyuma, akasogea mbele. "Rudisha hapo." Nikarudisha ule ubeti. "Huyo wa pili anayeitikia," akasema, "nilikuwa nimemsahau kabisa." Akataka nirudishe tena, na safari hii aliimba naye. Sauti ya jumla haikuwa kubwa kuliko mwanzo. Tulichofanya ni kumwondolea mwimbaji vitu vilivyokuwa vimemkalia juu.

Tangu siku hiyo kaka hakuitaja tena homu thieta.

Nikaja kwenye wati, ambako ndiko fedha za watu wengi zinakopotelea. Boksi la mashine ya bei rahisi litakuandikia wati elfu kadhaa, na pembeni kwa herufi ndogo utaona PMPO. Namba hiyo haina kanuni inayoibana; kila mtengenezaji anaipata kwa njia yake, na haikwambii chochote kuhusu sauti utakayoisikia. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Isipoandikwa popote, geuza mashine uangalie bati la nyuma linaloonyesha inatumia umeme kiasi gani. Kama inavuta wati 40 kutoka ukutani, haiwezi kutoa wati 1,000 za muziki mfululizo, hata boksi lipambwe vipi.

Na wati nyingi za nini? Spika huwa na kipimo kingine muhimu, usikivu wake, kinachoandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: ukiilisha wati moja na kuisikiliza ukiwa mita moja mbele yake, inatoa sauti kiasi gani. Spika ndogo ya kawaida hutoa kama desibeli 87. Baba anakaa kama mita mbili kutoka ukuta wa spika. Ukienda mbali mara mbili unapoteza desibeli 6, lakini spika ya pili inakurudishia 3, kwa hiyo wati moja kwa kila spika inamfikia ikiwa na desibeli 84 hivi, bila kuhesabu sauti inayorudishwa na kuta. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni desibeli 60 hivi. Yaani wati moja tu tayari inazidi mazungumzo kwa mbali. Ziada inahitajika kwa sababu muziki una vilele, ngoma inapopigwa ghafla au kwaya yote inapopaza, lakini wati 20 au 30 za kweli kwa kila spika zinatosha chumba cha mtu mmoja anayekaa kwenye kiti chake. Na kuongeza wati mara mbili, tuseme kutoka 30 hadi 60, kunakuongezea desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio hulazimika kuitafuta. Ukiwa na fedha ya kuongeza, iweke kwenye spika.

Aina za mashine nilizozipima zilikuwa hizi. Kuna kisanduku kimoja chenye kila kitu ndani, redio, CD na spika mbili zilizobanana ubavu kwa ubavu. Ni kizuri kwa jikoni au mezani karibu na kitanda. Lakini sterio maana yake ni spika mbili zenye nafasi kati yake. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, aliyekuwa kampuni ya EMI, aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mambo haya mwaka 1931, na msingi wake haujabadilika: masikio mawili yanapopata sauti zilizopishana kidogo, ubongo unazipanga mahali, huyu kushoto, yule kulia, mwimbaji katikati. Spika zikiwa zimeachana sentimita 20 hakuna nafasi ya kupanga watu. Kwa mzee anayekaa kusikiliza tu, na ambaye usikivu wake umepungua, kupangwa huko kuna faida ya ziada, maana sauti zilizotenganishwa ni rahisi kuzifuata kuliko zilizorundikwa mahali pamoja.

Kuna spika zenye amplifaya ndani, mfano Edifier R1280DB, ambazo kwa fedha ndogo ni miongoni mwa vitu vya kuheshimika kabisa: wati 42 za RMS kwa jozi, wufa (spika ya sauti nene) ya inchi 4, matundu ya kuchomekea vyombo, Bluetooth, na vitufe vya kuzungusha vya besi, trebo na sauti vikiwa ubavuni. Kama baba angekuwa mtu wa simu, au kama televisheni ndiyo ingekuwa chombo chake kikuu, ningeishia hapo. Lakini hazina redio wala CD, na kumwongezea kisanduku cha redio pembeni, na rimoti yake, ni kumtengenezea fumbo.

Kuna amplifaya kamili na spika za kununuliwa kando. Hii ndiyo njia ninayoipenda mimi, ndiyo iliyoko nyumbani kwangu, na kwa vifaa vilivyotumika inaweza kuwa rahisi kuliko zote. Nitairudia.

Na kuna sterio ndogo za vipande vitatu, ambazo watu wengi hudhani zimekwisha: mashine moja katikati yenye FM, CD na amplifaya, na spika mbili za kutenganisha. Denon D-M41 ni mfano mzuri, wati 30 kwa kila upande, redio, CD, Bluetooth na tundu la kuchomekea deki. Mashine ya aina hii ndiyo tuliyochukua hatimaye, ya kampuni nyingine, toleo lililokuwa linaondolewa ili jipya liingie. Matoleo yanayoondolewa ni mahali pazuri pa kutafuta zawadi. Teknolojia ya amplifaya na spika haibadiliki kila mwaka kama ya simu, na aliyenunua la mwaka jana hasikii tofauti.

Kabla ya kulipa niliomba muuzaji aniwashie mashine, aiweke kwenye redio, kisha aichomoe ukutani kabisa na kuichomeka tena. Jaribio hili nalipendekeza kwa kila mtu. Mashine nyingine umeme ukikatika husahau kila kitu: inarudi ikiwa kwenye Bluetooth, inamulika taa ya buluu, inasubiri simu isiyokuja, na vituo vyote vya redio vimefutika. Mzee ataiona imekufa. Tuliyoichukua ilirudi kwenye kituo kilekile, kwa sauti ileile. Angalia pia kama inajizima yenyewe. Nyingi za sasa hulala baada ya dakika 15 au 20 zisipopata sauti, ili kuokoa umeme, na hilo ni jambo jema, ila mtu aliyesimama kugeuza kaseti na kuzungumza na jirani mlangoni atarudi akute mashine imezimika na asijue kwa nini. Kwa kawaida unaweza kuondoa mpango huo kwenye mipangilio. Uondoe wewe kabla hujamkabidhi.

Kisha mikono na macho. Mashine nzuri za leo zinatengenezwa nyeusi, vitufe vyeusi, maandishi ya kijivu, kila kitu bapa. Nilifumba macho nikajaribu kuiwasha na kuongeza sauti kwa kupapasa. Kitufe kikubwa cha kuzungusha, kinachojaa mkononi, ni jambo ambalo nisingekubali kulikosa. Vidole vya baba vimekakamaa. Kubonyeza "+" ndogo mara nyingi kunamuudhi, lakini kuzungusha anaweza hata akiwa na miwani mfukoni. Rimoti ilikuwa na vitufe vingi mno. Dada alichukua kipande cha utepe wa gundi akafunika vyote isipokuwa cha kuwasha, cha sauti, cha redio na cha CD. Baba alipoiona akasema, "Sasa hii ndiyo rimoti."

Kaseti ni habari nyingine, na kwa baba ndiyo habari yenyewe. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, CD ikaja 1982, na kwa miaka mingi kati ya hapo na baadaye watu walijirekodia maisha yao kwenye mkanda mwembamba unaotembea chini ya sentimita tano kwa sekunde. Nilichunguza deki mpya zinazotengenezwa sasa. Za bei rahisi nyingi zina mitambo miepesi isiyoshika mwendo, wimbo unayumba. Deki yake ya zamani ilikuwa nzito, imetengenezwa kwa chuma, na tatizo lake kubwa lilikuwa mikanda ya mpira iliyolegea. Nikaipeleka kwa fundi.

Nilikaa nikamtazama akifanya kazi, na nilichojifunza pale kimebaki nami. Alibadilisha mikanda. Akachovya pamba kwenye spiriti safi akafuta kichwa cha kusomea, pamba ikatoka na kahawia ya miaka. Mimi nilidhani amemaliza. Lakini kando ya kichwa kile kuna skrubu ndogo inayokiinamisha kushoto au kulia, na kikiwa kimepinda hata kidogo kwa mkanda, sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza. Aliweka moja ya kaseti za baba, akaingiza bisibisi nyembamba, akawa anazungusha kwa upana wa unywele huku anasikiliza. Ghafla s zote za mwimbaji zikafunguka. Akasimama hapo hapo. Fikiria: mzee ambaye masikio yake yanapoteza sauti za juu, kwa miaka alikuwa anasikiliza deki inayozipoteza pia. Skrubu ile, ambayo fundi hata hakuitoza kipekee, ilimsaidia kuliko wati zozote ambazo ningeweza kuzinunua.

Nimesema nitarudi kwenye vifaa vilivyotumika. Kama mfuko ni mdogo kabisa, amplifaya ya zamani na jozi ya spika za zamani zinaweza kukupa sauti ambayo kifaa kipya cha fedha hiyo hakikaribii, mradi ujue pa kushika. Ondoa kitambaa cha mbele cha spika uangalie ukingo unaoshikilia koni, ile sehemu inayotetema. Ukiwa wa sponji, uguse taratibu kwa kidole. Sponji huoza, na baada ya miaka 15 au 20 hubomoka kama majivu. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sponji inaweza kubadilishwa na fundi, kwa hiyo isikutoe mbio, ila bei ishuke. Sukuma koni kwa vidole vilivyotawanywa, kwa usawa. Ikikwaruza ndani, iache. Kwenye amplifaya, zungusha kitufe cha sauti ukiwa hujaweka muziki. Mikwaruzo midogo ni vumbi, husafishika. Mngurumo usioisha hata sauti ikiwa chini kabisa mara nyingi ni kapasita, vile vipande vya ndani vya kuhifadhi umeme, zimekauka, na hapo unanunua matengenezo. Kwa zawadi ya mzazi anayeishi peke yake mimi ningependelea kitu kipya chenye waranti, lakini si kila mtu ana nafasi ya kuchagua hivyo, na sterio ya zamani iliyokaguliwa vizuri haina aibu yoyote.

Waya zisikupotezee fedha. Kwa umbali wa mita tatu au nne, waya wa shaba wa kawaida wa milimita 1.5 za mraba unatosha. Ukwangue ncha kwa kisu: ukitokea mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, tafuta mwingine.

Kazi kubwa iliyobaki haigharimu chochote, nayo ni kupanga. Baba alikuwa ameshaweka spika moja juu ya kabati na nyingine sakafuni nyuma ya kiti, "ili sauti ijae". Nilimwomba ruhusa nizihamishe. Tuliziweka zote mbili upande mmoja, zimeachana karibu sawa na umbali wa kutoka kila moja hadi kwenye kiti chake, pembe tatu sawa. Twita, ile ndogo ya juu, ikiwa usawa wa sikio lake akiwa amekaa. Hili kwa wazee ni la lazima, kwa sababu sauti nyembamba husafiri kwa mnyoofu kama mwanga wa tochi, na ikimpita juu ya kichwa haimfikii. Tulizivuta kutoka ukutani na kuzitoa kwenye kona, maana kona huongeza besi, besi ileile tuliyokuwa tunaikimbia.

Kisha waya: nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Ukizipishanisha kwenye spika moja tu, koni moja itakwenda mbele wakati mwenzake anarudi nyuma. Besi inapotea na mwimbaji anakosa mahali pa kusimama. Njia ya kuhakiki ni kuweka redio kwenye kipindi cha mtu mmoja anayeongea. Kaa katikati. Sauti yake inapaswa kutoka hewani, katikati ya spika mbili, mahali ambapo hapana kitu. Baba aliinuka akaenda kuangalia nyuma ya mashine kama kuna spika ya tatu.

Redio yenyewe ilikuwa na mkwaruzo mpaka tulipoacha kuuviringisha ule waya wa antena. Waya wa FM wenye umbo la herufi T umekatwa kwa urefu wa mita 1.5 hivi kwa sababu ndiyo nusu ya urefu wa wimbi la FM. Ukiukunja nyuma ya kabati unauharibia kazi. Tuliunyoosha ukutani, tukaugeuza mpaka kituo chake cha asubuhi kikakaa kimya nyuma ya mtangazaji.

Kaka ndiye aliyejitolea kuzihamisha kaseti kwenye flashi, ili zile zinazokaribia kukatika zipumzike. Anazirekodi kwenye kompyuta kutoka deki ileile iliyotengenezwa, na ukifanya hivyo rekodi baada ya kusafisha na kunyoosha kichwa, si kabla. Mashine nyingi za aina hii hutaka flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio unaochaguliwa kwenye kompyuta wakati wa kufomati, na nyingine hupanga nyimbo kwa majina ya faili, kwa hiyo majina yanaanza na 001, 002, kwa mpangilio wa kaseti yenyewe, upande A kisha upande B. Baba alikataa tuchanganye. Anajua wimbo upi unafuata upi na anaungoja. Ametuandikia pia orodha ya nyimbo ambazo kaseti zake zilipotea au kuazimwa zisirudi, kwa mwandiko ule ule wa kwenye maboksi ya viatu. Baadhi yake hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzisikia, na kaka bado anazitafuta.